Nusu kwa Nusu

Watu walimwita Mshenga, na jina hilo lilimkaa vizuri, ingawa hakuna ndoa hata moja iliyowahi kupita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kutafuta wanaume wawili wa uzito mmoja, kuwakubalisha, na kuwapeleka ulingoni wakapigane. Alivaa shati safi kama washenga wengine. Alikaa ukingoni mwa kiti. Hakuanza na lililomleta, bali aliuliza hali za watoto, akasifu chai hata kama ilikuwa maji ya moto yenye rangi, kisha ndipo akasema nani anamtaka nani, na kwa fungu gani.

Kwenye fungu ndipo kazi yote ilipokuwa. Wasioijua ndondi hudhani mabondia hukutanishwa kwa ubora, wa kwanza na wa pili, kama watoto darasani. Wapi. Promota anakuwa na kitita kimoja cha pambano, na kitita hicho lazima kigawanywe. Yule anayejaza ukumbi anachukua fungu kubwa, na mwenzake anaokota linalobaki. Sasa, watu wa bondia mkubwa wakitaka mtu wao ashinde bila kutoka jasho la damu, hawamtafuti mtu goigoi, maana watazamaji watazomea na kudai pesa zao. Wanamtafuta mtu mwenye jina zuri kwenye bango na shida nyingi nyumbani. Huyo atakubali fungu dogo, tena atakuja amechoka, kwa sababu asubuhi alikuwa anapakua saruji.

Mshenga aliwajua wote. Akiingia nyumba ya bondia alitazama kwanza viatu vya watoto pale mlangoni, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshajua mwenye nyumba atakubali fungu gani, na kwa hiyo atapigana na nani. Ndiyo maana alipata kazi mpaka mvi zikamwota. Na ndiyo maana hakupenda kupita mtaa aliokaa Chuma.

Huyo Chuma alikuwa bondia ambaye paa lake lilivuja. Msimu mmoja alikubali kwa Mshenga mafungu madogo mfululizo, kila mara na mtu mwenye mkono mzito kuliko aliyepita, mpaka paa likaezekwa. Siku hizi alikuwa akiwekwa barazani, chini ya paa hilohilo, amefungwa kitambaa kifuani na kwenye mgongo wa kiti ili asianguke mbele. Mshenga alikuwa akisimama kumsalimia, na Chuma alimjibu kwa furaha, kwa jina la mtu mwingine.

Mshenga alikumbuka vizuri ilivyoanza. Haikuanza na mikono wala macho. Ilianza na kamba ya kuruka. Bondia mzima akiruka kamba, ile sauti sakafuni inakwenda moja kwa moja kama mvua ya kutulia. Kamba ya Chuma ilianza kugusa kiatu. Mara moja, kisha kimya cha siku kadhaa, kisha tena. Watu walicheka, wakamwambia aache kufikiria wanawake.

Basi, Mshenga alikuwa na dada mmoja, mkubwa kwake, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Dada alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba chake cha mbele, pasi ya mkaa, na mikono yake ilikuwa na alama za kuungua zilizopangana kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mwanawe wa pekee alikuwa bondia, na watu, kwa kuwa hawana kazi, wakampa jina la Pasi, kwamba akikupitia unabaki umenyooka chini. Kijana alilipenda jina hilo. Alilishonesha kwenye bukta.

Pasi alikuwa bondia kwelikweli. Mshenga hakuwa mtu wa kutia chumvi kwenye sifa za ndugu zake, lakini alipomtazama mpwa wake akipiga begi alijua kwamba katika maisha yake yote ya kukutanisha watu hakuwahi kushika mali kama ile. Alijua pia kijana anataka nini. Mtaa wa nyuma ya soko kulikuwa na duka lenye kioo mbele, na Pasi alikuwa ameshalipigia hesabu: mashine ya kufulia huku, nguo za wateja zimening'inizwa kule ndani ya mifuko ya plastiki, na mama amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Kiti cha kuzunguka cha nini?" Dada aliuliza. "Nianguke nivunjike kiuno?"

"Mama, wakubwa wote wanakaa kwenye viti vya kuzunguka."

"Ndiyo maana hawasikilizi mtu. Kizunguzungu."

Hapo wote walicheka, na Mshenga alicheka nao.

Halafu asubuhi moja Mshenga aliingia jimu kutafuta mtu mwingine kabisa. Aliupa mlango mgongo, anafungua kitufe cha mkono wa shati, akasikia kamba ya mtu inakwenda vizuri, sakafu inaitika. Kisha ikagusa kiatu. Hakugeuka. Alisubiri. Ikaendelea muda mrefu hata akaanza kujituliza moyo, ikagusa tena. Alipogeuka, alikuwa ni Pasi, anajicheka mwenyewe na kuanza upya.

Tangu siku hiyo Mshenga alianza kuomba nusu.

Walipokuja watu wa Bingwa, ambaye tiketi zake ziliisha kabla gundi ya mabango haijakauka, walisema wanamtaka Pasi. Wangempa fungu la mgeni, dogo lakini la haki kwa desturi ya kazi ile. Mshenga alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Nusu kwa nusu." Wakamtazama. Akarudia. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyemwomba Bingwa nusu. Walifunga mkoba, wakaondoka, wakaenda kumtafuta wa bei rahisi. Walirudi msimu uliofuata wakiwa wameongeza kidogo, na akawaambia vilevile. Promota mwenyewe, mzee mwenye cheni ya saa na kikohozi, hakuhitaji kuelezwa. Waliojua kazi walielewa kwamba Mshenga akitaja nusu amekataa, ila amekataa kwa adabu.

Mapambano madogo alimtafutia, hayo hayakukosa. Aliwaleta mabondia wazee wenye mikono ya pamba, ukumbi robo, kitita chenyewe kiduchu, na hapo nusu ilitolewa bila ubishi. Pasi alishinda na kushinda. Pesa ilitosha mkaa na mchele, na duka lenye kioo likabaki palepale lilipo.

Kosa la Mshenga ni kwamba hakumwambia kijana. Angemwambiaje? Bondia ukimwambia kamba yako imegusa kiatu atakujibu kiatu ni kikubwa. Akanyamaza, akidhani anapata muda. Na Pasi, kwa kuwa habari zilimfikia vipandevipande, akajijengea yake. Alijua mjomba anamwombea nusu kwa Bingwa. Basi alitembea mitaani kifua mbele.

"Mjomba wangu hauzi nyama ya mfupa," aliwaambia wenzake jimu. "Nyinyi chukueni makombo. Mimi nimethaminiwa nusu, na watakuja tu."

Mshenga alisikia hayo kwa masikio yake, akiwa mlangoni, na alirudi nyumbani bila kuingia.

Siku jambo lilipofumuka, Pasi alikuwa kwa kinyozi, kitambaa shingoni. Kwenye benchi alikaa mpambe wa Promota akisubiri zamu yake, mtu mwenye mdomo usio na mlango.

"Pasi, wewe utazeeka unapigana na mababu," alisema.

"Bosi wako alete nusu, atanipata."

Mpambe alicheka mpaka akashika mbavu. "Nusu? Hivi hata wewe hujui? Mjomba wako akisema nusu, sisi huwa tunachukua kofia zetu. Hataki upigane na mtu, kaka. Anakuona yai."

Kinyozi alisema baadaye kwamba alihisi shingo ya kijana inakaza chini ya mashine. Pasi alivua kitambaa, akatoka na kichwa kimenyolewa upande mmoja, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Promota. Alikubali fungu dogo kuliko lile la mwanzo kabisa. Tena alikubali kwamba sehemu ndogo ya fungu hilo atapewa hata iweje, na iliyobaki ataipata tu akiwa bado anapigana kengele ya mwisho ikilia. Alitia saini, kisha akaenda kwa mjomba wake.

Mshenga alikuwa anakaanga yai. Alipoona kile kichwa akacheka. "Umeme umekatika kwa kinyozi?"

Pasi aliweka mkataba mezani. Mshenga aliusoma amesimama, mwiko mkononi, na yai likaanza kunuka.

"Umejifunga usiweze kukaa chini," alisema taratibu. "Hawa wanakulipa ili usianguke hata ukitakiwa kuanguka. Unaelewa ulichosaini?"

"Naelewa. Nimesaini pambano. Wewe ulikuwa unasaini nini?"

"Mpwa wangu, keti."

"Siketi. Niambie. Ulipowaambia nusu, ulijua hawatatoa?"

Mshenga alizima jiko. "Nilijua."

"Kwa hiyo siku zote hizo. Mimi nazunguka nawaambia watu mjomba ananithamini nusu, na wewe unanisikia. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, unanisikia, unanyamaza."

"Kamba yako inagusa kiatu," Mshenga alisema. Lilitoka hivyo, halina kichwa wala miguu, na hata yeye alisikia jinsi lilivyo dogo. Akajaribu kulielezea. Akamtaja Chuma. Pasi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Mimi si Chuma," alisema. "Mama yangu ana mikono imeungua mpaka hapa, na mimi nimekaa naringia nusu ya hewa. Sikudai pesa, Mjomba. Ulichonichukulia si pesa."

Mshenga alikwenda kwa Promota asubuhi iliyofuata, akakaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake, lakini safari hii hakusifu chai. Alimwomba aufute mkataba. Promota alikohoa, akaipangusa saa yake kwa kidole gumba.

"Nusu yako nilikuwa naielewa, Mshenga. Miaka yote nimeiheshimu, sikuwahi kupita uani kwako. Lakini huyu amekuja kwa miguu yake, na mabango yapo kiwandani yanachapwa. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Mshenga alijua angefanya vilevile.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumweleza Dada. Alimkuta anakunja mashuka ya mtu, akashika ncha ya pili, wakakunja pamoja kama walivyofanya udogoni. Alimweleza yote, mpaka la kamba. Mashuka yalipoisha Dada akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu misimu miwili iliyopita."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungelala?"

"Sasa ndiyo nitalala?" Aliweka kiganja karibu na tumbo la pasi kupima moto. "Nimwambie nini mtoto mkubwa kama yule. Nikimkataza ataenda, tena ataenda na uchungu. Nenda ukakae kwenye kona yake. Atakataa, mwambie nimesema mimi."

Kisha alivuta taulo jeupe kutoka kwenye kapu lake mwenyewe, akalitandika mezani, akaanza kulipiga pasi. Mshenga alimtazama. Hakuna dobi anayepiga pasi taulo, linapoteza manyoya. Dada alilinyoosha pembe kwa pembe, polepole, akalikunja mara nne, akamkabidhi likiwa bado la moto. Hakusema la nini. Mshenga alilibeba chini ya kwapa, na mtaani watu walipomwamkia hakusikia.

Pambano lilikuwa Jumapili mchana. Jua liliingia kwa madirisha ya juu, likaangukia turubai ya ulingo likiwa na vumbi lake. Pasi hakumkataa mjomba kwenye kona, ila hakumsemesha. Alimnyooshea mikono afungwe bandeji, akatazama ukuta.

Na raundi za mwanzo, jamani, kijana alicheza. Bingwa alirusha ngumi zikapita hewani, akarudi nyuma na mdomo una damu, na ukumbi mzima, uliolipia kumwona Bingwa, ulinyanyuka kwa ajili ya mgeni. Mzee mmoja nyuma ya kona alisema, "Huyu wamemwibia. Huyu ni wa nusu." Mshenga alikuwa amepiga goti na ndoo mbele yake, na machozi yalimlenga, kwa sababu hilo hakuanza kulijua siku ile. Alilijua siku zote. Kama angekuwa anamuuza kweli, bila hofu yoyote, ndiyo bei ambayo angeitaja.

Kisha Bingwa, aliyekuja ameshiba na kupumzika, alianza kumfikia. Si ngumi moja ya kuangusha. Nyingi, za kichwani, za kuchosha. Mwisho wa raundi ya saba Pasi alikaa kwenye kigoda.

"Ngapi imeisha?"

"Ya saba. Acha nisimamishe, mwanangu."

"Zimebaki tatu. Ukitupa hilo taulo, mimi na wewe basi." Alikunywa maji, akatema. Alitazama mbele. "Ngapi imeisha?"

Mshenga alimshika kidevu, akamtazama macho. "Ya saba."

Raundi ya nane Pasi aliinuka na kutembea vizuri. Alipiga mbili nzuri. Alipokuwa anazunguka kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila turubai tambarare, kiatu chake kilijikwaa, akajishika, akaendelea. Watazamaji hawakuona. Bingwa naye hakuona. Mshenga alilifungua taulo, na mikunjo ya Dada ilikuwa bado imo, minne, iliyonyooka, akalirusha, likatanuka na kuanguka kati ya miguu ya refa, naye akasimamisha pambano.

Ukumbi ulizomea. Watu walirusha chupa za maji. Pasi alisimama katikati ya ulingo, mikono bado juu, anaangalia kile kitu cheupe sakafuni kama mtu aliyeona nguo ya nyumbani kwao mahali pasipo pake. Labda aliitambua harufu ya mkaa, hakuna ajuaye. Alisema neno moja tu alipofika kwenye kona, na alilisema kwa upole.

"Nilikuwa nimesimama, Mjomba."

Kengele ya mwisho haikumlilia, kwa hiyo alilipwa kile kidogo tu. Duka lenye kioo likachukuliwa na muuza simu. Bingwa hakurudiana naye, kwa nini arudiane, mtu ameshamshinda kwa bei rahisi? Maneno yalienea kwamba Pasi ana kona yenye woga, na promota hanunui bondia wa namna hiyo hata kwa makombo. Akaacha. Alipata kazi ya kufundisha vijana mazoezi pale jimu na kufagia jioni.

Mshenga naye aliacha kukutanisha watu. Alijaribu mara moja kuingia nyumba ya bondia, akaviona viatu mlangoni, akageuka. Alipewa kazi ya kutunza viti vya ukumbi: kuvipanga, kuvihesabu, kugongomea vilivyolegea. Dada aliendelea na pasi yake ya mkaa. Mwanawe hakuwahi kumuuliza lile taulo lilitoka wapi, naye hakusema. Ila Mshenga alipokwenda kumtembelea, wakiwa wawili tu, alimwambia, "Ningelipiga pasi tena," na akaendelea na kola iliyokuwa mezani.

Ilipita miaka. Mara nyingi Mshenga alisimama kwenye ukuta wa jimu, upande wa nje chini ya dirisha, akisikiliza kamba. Vijana walikuwa wengi na zote zililia pamoja, asiweze kujua ya nani ni ipi.

Ndipo siku moja Pasi akaja nyumbani kwake. Dada alikuwa amemtuma alete mashati ya mjomba yaliyopigwa pasi, maana yeye miguu ilianza kumvimba. Alisimama katikati ya chumba, kifurushi mikononi. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na mvi moja moja. Mshenga alimvutia kiti, hakukaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Anajikaza." Aliweka mashati juu ya kitanda, akayanyoosha bila sababu. "Nina swali moja. Nijibu halafu niende. Usingekuwa na woga. Kamba usingeisikia. Wamekuja watu wa Bingwa, umekaa nao, unaniuza kweli kama ulivyowauza wengine. Ungewaomba ngapi?"

Mshenga alikuwa amelisubiri swali hilo tangu ile Jumapili. Alikuwa amelijibu kichwani akipanga viti, akipika, akiwa barazani kwa Chuma. Alitafuta namna nyingine ya kulisema, asiipate, kwa sababu ukweli ulikuwa mmoja.

"Nusu," alisema.

Pasi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeuliza bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua.

"Sawa, Mjomba," alisema. "Nimekuelewa."

Aligeuka kwenda. Kwenye kizingiti, ambacho ni kifupi hata mtoto anayetambaa hukivuka, ncha ya kiatu chake iligusa mbao. Alijishika kwenye mlango, akacheka kidogo, akasema mlango huu una kizingiti kibaya, unafaa kurekebishwa. Mshenga alijibu kwamba ni kweli, atamwita fundi seremala. Alisimama hapohapo akisikiliza hatua zikishuka ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika chini.